Kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, chungulia kwanza vyufainda yake

Mlenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Anayeomba ushauri wa kamera humu huulizwa bajeti, halafu majibu yanakimbilia megapikseli, 4K na lenzi. Vyufainda, yaani kale kadirisha ka kuchungulia kwa jicho, haitajwi kabisa. Mnunuzi naye akifika dukani anawasha kamera, anapiga picha mbili tatu akitazama skrini ya nyuma kama anavyotazama simu, analipa, anaondoka. Kale kadirisha ka juu anakuja kukachungulia akiwa tayari kazini.

Mimi napiga harusi, mahafali na vipaimara hapa Dar. Siku ya kazi jicho langu liko kwenye vyufainda tangu bibi harusi anapambwa hadi keki inakatwa. Megapikseli sizioni siku hiyo. Naona kile tu ambacho vyufainda inanionyesha, na ikinionyesha vibaya ninabahatisha, na harusi hairudiwi.

Nianze na mfano usio na ubishi. Nikon D7200 ya 2015 na D5600 ya 2016 zote zina sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya saizi ya APS-C, ya megapikseli 24. Chukua picha za kamera hizo mbili, zichapishe, utapata tabu kuzitofautisha. Sasa chungulia. D5600 inatumia pentamira, yaani vioo vyepesi vilivyopangwa ndani ya kile kibanda cha juu, na kila mwanga unapogonga kioo unapungua kidogo. D7200 ina pentaprizimu, kipande kimoja cha kioo kilichochongwa, kizito na cha gharama, na humo mwanga unapotea kidogo sana. D5600 inakuonyesha asilimia 95 ya picha, D7200 inakuonyesha yote. Ukuzaji, yaani picha inaonekana kubwa kiasi gani ukichungulia, ni 0.82 kwa D5600 na 0.94 kwa D7200. Ukumbini wakishapunguza taa ili maharusi waingie, kwenye D7200 bado unaona macho ya mtu yameelekea wapi. Kwenye D5600 unaona umbo la kichwa.

Kwa watu wa Sony, tazameni a6100 na a6400. Zote za 2019, sensa ya megapikseli 24, pointi 425 za fokasi. Vyufainda zake ni za umeme, yaani skrini ndogo humo ndani: ya a6100 ina nukta milioni 1.44, ya a6400 ina milioni 2.36. Kampuni yenyewe imeona tofauti hiyo inafaa kutenganisha kamera ya bei ya chini na ya juu yake, sisi tunaipita kama haipo.

Hiyo asilimia 95 inasikika kama si haba. Lakini ni 95 kwa upana na 95 kwa urefu. Zidisha, unabaki na kama asilimia 90 ya eneo lote. Sehemu moja ya kumi ya picha hukuiona wakati unabonyeza. Humo ndimo inamoingia chupa ya soda pembeni ya meza kuu, kiwiko cha mpambaji, mguu wa stendi ya taa. Utasema nitakata kwenye kompyuta. Sawa, kata, lakini picha za familia za harusi ni nyingi na kila moja inataka mkato wake.

Kwenye ukuzaji kuna mtego, na wengi wanaingia. Kwa kamera za DSLR, zile zenye kioo kinachoinuka ndani, namba ile hupimwa kwa lenzi ya 50mm bila kujali sensa ina ukubwa gani. Kwa hiyo kamera yenye sensa ndogo inaonekana ina vyufainda kubwa kuliko ya fulfremu, yenye sensa kubwa ya saizi ya filamu ya 35mm. Ili ulinganishe kwa haki, gawanya kwa 1.5 kama ni APS-C ya Nikon, kwa 1.6 kama ni ya Canon, kwa 2 kama ni Four Thirds, sensa ndogo zaidi ya hizo. Canon 2000D imeandikwa 0.80, ukigawanya unapata 0.50. D7200 inabaki na 0.63. Canon 6D ni fulfremu, 0.71 yake ni 0.71 kweli. Maana yake picha unayoiona ndani ya 2000D ina eneo kama nusu tu ya ile unayoiona ndani ya 6D. Kwenye karatasi 0.80 ilikuwa inaonekana imeishinda 0.71!

Kamera zisizo na kioo, yaani mirolesi, mara nyingi kampuni inaandika namba ambayo imeshagawanywa, basi soma maelezo mpaka mwisho kabla hujapiga hesabu.

Sisemi sensa na lenzi hazina kazi. Nasema ukiwa na kamera mbili za bei moja mkononi, na sensa zake zinalingana, vyufainda ndiyo iamue. Nawasilisha.

---

Nuru_Mwz

Asante kaka Mlenzi, uzi umekuja wakati wake kabisa. Mimi ndiyo kwanza nanunua kamera ya kwanza, nipo Mwanza, nataka kupiga mahafali ya chuo na picha za watu sokoni na mwaloni. Nimeambiwa nichague kati ya Canon 2000D mpya, Nikon D7200 iliyotumika na Sony a6000 iliyotumika. Bei zake zinakaribiana huku kwetu.

Kitu kimoja sijakielewa. Hizo nukta milioni ngapi zinahusiana vipi na megapikseli? Na je, vyufainda ya kioo na ile ya umeme ipi bora?

---

KijanaWaVidio

Mkuu Mlenzi nakuheshimu sana ila hapa napingana nawe. Natumia Sony ZV-E10, toleo la 2021, haina vyufainda kabisa. Skrini inageuka upande wowote, naweka kwenye gimbo (kishikio cha kuzuia mtikisiko), kazi inatoka na mteja analipa. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nilichungulia wapi. Huo uzito na hiyo hela ya vyufainda bora mtu anunue maikrofoni nzuri.

---

Mlenzi

KijanaWaVidio, kwa kazi yako uko sahihi na sibishani. Kamera ikiwa kwenye gimbo au stendi huwezi kuganda nayo usoni, na mtu anayejirekodi mwenyewe anahitaji skrini inayomgeukia. Mimi nazungumzia picha za mnato. Nenda Coco Beach saa saba mchana na kamera hiyo, mwambie mtu asimame jua likiwa nyuma yako, uniambie kwenye skrini unaona nini. Unaona uso wako mwenyewe. Utabonyeza kwa kukisia, kisha utajifunika shati kichwani kuangalia kama imetoka. Kwenye vyufainda jua halifiki, ule mpira wa jicho unaoizunguka unalizuia.

Halafu kuna suala la mkono kutetemeka. Ukiibana kamera usoni, viwiko vimegusa mbavu, una sehemu tatu zinazoishika: mikono miwili na paji la uso. Ukiinyoosha mbele kama simu una mikono tu, na mikono inachoka. Kanisani ambako flashi imekatazwa na umeshusha kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde, tofauti hiyo inaonekana kwenye picha.

Dada Nuru, nukta si pikseli. Kila pikseli moja ya vyufainda ina nukta tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa hiyo gawanya kwa tatu. Milioni 1.44 ni picha ya pikseli 800 kwa 600. Milioni 2.36 ni 1024 kwa 768. Milioni 3.69 ni 1280 kwa 960. Milioni 5.76 ni 1600 kwa 1200, na 9.44 ambayo iko kwenye Sony a7S III ya 2020 na a1 ya 2021 ni 2048 kwa 1536. Hiyo ya mwisho ukiichungulia unasahau kama ni skrini. Ile ya 800 kwa 600, nyuzi za kofia ya mahafali zinakuwa kama zimechorwa na penseli butu.

Hiyo haihusiani na megapikseli za picha yenyewe. a6000 inapiga megapikseli 24 safi, ila inakuonyesha kwa milioni 1.44. Na NEX-6 iliyoitangulia, ya 2012, ilikuwa na milioni 2.36! Kwa hiyo usidhani toleo jipya lazima liwe na vyufainda bora.

Kati ya kioo na umeme, kila moja ina pake. Ya kioo unaona dunia yenyewe, haicheleweshi hata chembe, na haili betri. Ya umeme inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Hili la pili kwetu lina uzito wake. Bibi harusi ana ngozi nyeusi na gauni jeupe limejaa fremu nzima. Kamera inapima weupe ule, inadhani mwanga umezidi, inashusha, uso unatoka giza. Kwenye DSLR unagundua baada ya kupiga. Kwenye ya umeme uso unauona unazama pale pale, unapandisha mwanga kwa kidole gumba hadi ngozi ikae sawa, na mistari ya zebra inakuambia gauni limeanza kuungua kwa mwanga wapi. Ndipo unabonyeza.

Tahadhari moja: mwangaza wa vyufainda usiuache ujirekebishe wenyewe. Ukiwa kwenye giza picha itaonekana inang'aa kumbe ni vyufainda inang'aa. Uweke mahali pamoja na uangalie histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha.

---

Ndutu_Dereva

Wakuu, mimi ni mwongoza wageni, natembea Serengeti na Ngorongoro, na kwenye gari langu zimepita kamera za kila aina. Mlenzi amegusa penyewe.

Mgeni akija na Nikon P900 huwa najua siku itakuwaje. Ile kamera ya 2015 ina zumu ya kufika 2000mm, mtu anaweza kumpiga chui aliye mbali kabisa juu ya mti. Tatizo ni kumpata chui huyo kwenye fremu. Ukitumia skrini ya nyuma kwa 2000mm, ukipumua tu, mti mzima umetoka. Mgeni anazungusha kamera huku na kule, anaona majani, anaona anga, anaona majani tena, chui kashuka. Na vyufainda yake ina nukta laki tisa na ishirini na kitu, ni ndogo na hafifu. P950 ilipotoka 2020 ilibaki na zumu ile ile ya 2000mm, ila vyufainda ikapandishwa hadi milioni 2.36. Mwenye kamera hiyo mnyama anampata haraka zaidi.

Ninavyowaelekeza: anza na zumu ikiwa fupi, jicho kwenye vyufainda, mnyama katikati kabisa, kamera imelala juu ya mfuko wa maharage pale kwenye paa la gari. Hapo ndipo uvute pole pole. Akipotea, kuna kitufe pembeni mwa lenzi kinachorudisha zumu nyuma kwa muda, ukimwona kiachie.

Upande wa kioo na umeme, nina la kuongeza. Nyumbu wanapozaa kule Ndutu, kati ya Januari na Machi, duma wanawinda mchana kweupe. Unaweza kumngoja duma juu ya kichuguu saa nzima bila yeye kufanya kitu, kisha mambo yanaisha kwa sekunde chache. Mwenye DSLR anakaa na jicho kwenye kioo muda wote huo, betri haishuki. Mwenye mirolesi kila anapochungulia betri inaliwa. Kwa vipimo vya CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, Nikon D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja. Sony a7 III, ambayo inasifiwa kwa betri, ni 710 kwa skrini na 610 kwa vyufainda. Akiizima ili aokoe chaji, duma akiinuka kamera inaamka taratibu.

Pia zile mirolesi za zamani ukipiga mfululizo hazikuonyeshi mnyama alipo sasa, zinakuonyesha picha iliyokwisha kupigwa. Wewe unafuata pale alipokuwa. Sony a9 ya 2017 ndiyo niliyoiona ya kwanza isiyozima vyufainda kabisa huku inapiga picha 20 kwa sekunde, na Nikon Z9 ya 2021 nayo vivyo hivyo. Z9 vyufainda yake ina milioni 3.69 tu, pungufu ya kamera nyingine za bei hiyo, lakini haikatiki na inang'aa hadi niti 3000 (kipimo cha mwangaza wa skrini), na jua la Serengeti halikuruhusu kudharau hilo. Kwa hiyo msihesabu nukta peke yake.

---

Mama Salha

Ahsanteni kwa mada. Mie ni mpiga picha wa magazeti huku Mombasa, na navaa miwani. Mmezungumza ukubwa, mwangaza na nukta, hamjasema neno moja kuhusu sisi wa miwani.

Kila vyufainda ina umbali ambao jicho linaweza kukaa na bado likaona pembe zote nne. Kwenye maelezo huandikwa kwa milimita. D3500 ni milimita 18, D7200 ni 19.5, Canon 2000D na 6D ni kama 21. Miwani huchukua nafasi yake, na mpira wa jicho huchukua nafasi yake. Umbali ukiwa mdogo unaona katikati ya picha tu, na kuona pembe yakubidi uzungushe jicho kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kwa hiyo hiyo vyufainda kubwa anayoisifu ndugu Mlenzi yaweza kumshinda mtu wa miwani, na ile ndogo ikamfaa. Nenda na miwani yako usoni, tazama pembe ya chini kushoto na ya juu kulia kwa pamoja. Ikiwa huzioni zote, iache hata kama yasifiwa na dunia nzima.

La pili ni kile kigurudumu kidogo kando ya vyufainda. Watu wanakipita, kisha wanalalamika kamera haishiki fokasi. Kile ni cha kurekebisha kioo kifuate jicho lako. Usikizungushe ukitazama mtu au nyumba. Tazama maandishi na namba za chini, au vile vijisanduku vya fokasi, uzungushe hadi viwe vikali kabisa. Waweza hata kuitoa lenzi au kuivuruga kwa makusudi ili macho yasikudanganye. Kwa wengine kitatosha wakavua miwani. Lakini kina kikomo, D3500 kwa mfano ni kutoka -1.7 hadi +0.5, na mwenye astigmatizimu (kasoro ya mviringo wa jicho) hakimsaidii, abaki na miwani yake.

Na anayetumia jicho la kushoto kama mie, tahadhari na skrini za kugusa. Pua hugusa skrini na kuhamisha pointi ya fokasi, mtu akashangaa kwa nini imeshika ukuta badala ya mgombea. Zima mguso unapochungulia. Kamera kama a6000 ambazo vyufainda imewekwa pembeni kabisa kushoto zimefaa jicho la kulia, pua inabaki nje. Kwa jicho la kushoto uso wote unalala juu ya skrini.

---

Mlenzi

Mama Salha shikamoo. Uliyosema nayachukua yote, hasa hilo la milimita. Nuru, ukienda dukani na miwani, mfuate mama.

---

StudioTegeta

Wakuu nisaidieni, na mimi nipo kwenye mada hii hii. Nimehama kutoka Canon 6D kuja Sony a7 III. Nje kila kitu safi. Studio nikiweka ISO 100, f/8, shata 1/160 na taa zangu za flashi, vyufainda inakuwa nyeusi tii, simwoni mteja. Nikibonyeza picha inatoka vizuri kabisa. Fundi mmoja ameniambia vyufainda imekufa nibadilishe.

---

Mlenzi

StudioTegeta usibadilishe kitu, vyufainda yako ni nzima. Inafanya kazi yake kupita kiasi. Inakuonyesha picha itakavyokuwa kwa mwanga uliopo chumbani, na kwa f/8 na ISO 100, mpangilio unaotaka mwanga mwingi, chumba chako bila flashi ni giza kweli. Haijui kwamba flashi itawaka. Ingia kwenye menyu, tafuta "Live View Display", chagua "Setting Effect OFF". Itang'aa muda wote bila kujali umeweka nini. Canon na Fujifilm nazo zina mpangilio kama huo. Ukitoka studio kumbuka kuirudisha, la sivyo utapoteza ile faida yote niliyoieleza ya kuona mwanga kabla.

Mteja akiwa gizani bado vyufainda itaonyesha chengachenga, kwa hiyo acha ile taa ndogo ya mwongozo kwenye flashi iwe inawaka. Inasaidia fokasi pia.

---

Ndutu_Dereva

Kabla sijasahau, kuna jambo linaua kamera za watu kimya kimya. Usiiache mirolesi juani huku vyufainda imetazama jua. Kile kioo cha jicho kinakusanya jua kama kikuzio na kuliunguza lile paneli la ndani. Doa likitokea halitoki, na kwa mirolesi iliyotumika ni kitu cha kwanza kukagua: elekeza kwenye ukuta mweupe au anga, tafuta doa au mstari uliobadilika rangi. Kwenye gari kamera iwekwe imelala, au ifunikwe kitambaa. Vitabu vya maelekezo vinaonya, ila nani anavisoma.

---

KijanaWaVidio

Hilo la jua sikuwa nalijua, nina rafiki ana a6400 na ina doa la njano pembeni, tulidhani ni kuvu. Asante mkuu Ndutu.

Bado nasimamia langu kwa upande wa vidio, lakini nikinunua ya picha nitachungulia.

---

Nuru_Mwz

Nimerudi wakuu. Leo nimepita maduka mawili hapa mjini, zote tatu nimezishika.

Nilisimama mlangoni nikaelekeza upande wa pili wa barabara kwenye kijiwe cha bodaboda, zote lenzi ya 18mm hadi 55mm au karibu na hapo, nimeivuta mpaka mwisho. Ndani ya 2000D niliona pikipiki na watu. Ndani ya D7200 niliona namba za pikipiki na dereva mmoja anayecheka, meno yanaonekana. Sikutegemea tofauti iwe kubwa hivyo, nilidhani mnatia chumvi. Nikafanya na jaribio la ukingo: nimeweka fremu ya mlango sawasawa kwenye ukingo wa vyufainda, nikapiga. 2000D ikaniletea mlango na kipande cha ukuta na swichi ya taa ambayo sikuiona kabisa. D7200 ikaleta nilichokiona.

a6000 ilinivutia kwa wepesi, na kweli nilivyopandisha mwanga uso wa muuzaji ukabadilika humo humo ndani. Ila nilipoingia kona ya giza ya duka na kuzungusha kamera haraka, picha ikawa inavuta mkia na chenga zikajaa. Mahafali yetu mengi yanafanyika ukumbini, na baadaye kuna sherehe usiku.

Nimeegemea D7200. Swali la mwisho: ndani ya vyufainda yake kuna vumbi, vijidoa vyeusi kama vitano hivi na unywele mmoja mfupi. Muuzaji anasema atanifutia kwa pamba. Nikubali? Na je, vitaonekana kwenye picha?

---

Mlenzi

Asifute! Mwambie aache kama ilivyo.

Vijidoa hivyo viko kwenye kile kioo cha fokasi juu ya kioo kikubwa kinachoinuka, si kwenye sensa, kwa hiyo haviingii kwenye picha hata kimoja. Kile kioo cha fokasi ni laini sana, akikipitishia pamba atakichora, na mchoro utautazama kila siku. Kinachoruhusiwa ni kipulizio cha mpira cha mkono, kamera imeangalia chini, lenzi imetolewa. Asitumie mdomo, mate yanaruka, wala kopo la hewa ya kubana.

Cha kuogopa ni kuvu. Chungulia ukielekeza kwenye anga jeupe. Vumbi ni doa lenye ukingo. Kuvu ni kama utando wa nyuzi nyembamba zenye matawi. Ukiona huo utando ndani ya vyufainda, basi tazama na ndani ya lenzi, na hiyo kamera iache.

Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uivute kwenye skrini uone sensa ina madoa gani, hayo ndiyo yataingia kwenye kazi yako. Angalia mpira wa jicho kama haujachanika, huo unabadilishwa kwa bei ndogo. Zungusha kigurudumu cha Mama Salha uone kama kinazunguka na hakijakwama. Na ukiwa na lenzi ya 50mm f/1.8, kumbuka vyufainda za DSLR za siku hizi hazionyeshi ule ukungu wa nyuma unaotokea lenzi ikifunguliwa wazi zaidi ya f/2.8 au karibu na hapo. Utaona kama masikio na macho yote yako kwenye fokasi, kumbe kwenye picha ni macho tu. Mwanzoni piga, kuza kwenye skrini, hakiki jicho, halafu endelea.

---

Nuru_Mwz

Ni vumbi, nimeangalia kwenye anga, lina ukingo. Kuvu hakuna. Sensa ina doa moja juu kulia, muuzaji amekubali kupunguza bei kwa sababu hiyo. Kesho naenda kuichukua na kipulizio juu yake.